Mdakaji Aliyesubiri Cheo

Katika kila kiwanda, karakana na ofisi yuko mfanyakazi wa aina moja ambaye sote tunamfahamu. Mkubwa mpya akiletwa, huyo ndiye anayemwonyesha majalada yaliko na mashine ipi hukwama asubuhi. Vijana wanaoanza kazi hukabidhiwa kwake wafundishwe. Baada ya mwaka wa pili au wa tatu mmoja wa vijana hao hupandishwa akawa mkubwa wake, naye humpa mkono wa pongezi kisha akaendelea kuwafundisha wengine. Akiulizwa na mkewe nyumbani kulikoni, hujibu kwamba zamu yake itafika.

Juma hili, ndugu msomaji, nataka tumtazame mtu wa aina hiyo aliyeishi mbali sana nasi, katika mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona ukichezwa. Jina lake ni Elston Howard, mzaliwa wa mji wa St. Louis huko Marekani, mwaka 1929. Alikuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa, na baadaye kocha. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanauliza swali ambalo familia nyingi za wafanyakazi huulizana usiku baada ya watoto kulala, nalo ni hili: kunyamaza na kufanya kazi vizuri kunatosha?

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira. Timu moja hupiga, nyingine hulinda kwa wachezaji tisa kiwanjani. Mrushaji husimama katikati na kumrushia mpira mpigaji aliye umbali wa mita 18 na kitu. Nyuma ya mpigaji, amechuchumaa, yuko mdakaji. Mpira una uzito wa gramu 145 hivi, nao huja kwa kasi ya kilomita 140 au 150 kwa saa, ukafika kabla nusu sekunde haijaisha. Mpigaji akiukosa, ni juu ya mdakaji kuudaka. Mpigaji akiugusa kidogo tu ukabadili njia, humpata mdakaji kidoleni, shingoni au begani. Ndiyo maana huvaa kinyago cha chuma, kinga ya kifua na kinga za miguu kama askari wa zama za kale, na baada ya miaka michache vidole vya mkono wake usio na glavu huwa vimepinda kama tangawizi.

Wachezaji wa Marekani huyaita mavazi hayo zana za wajinga, kwa maana kwamba mwenye akili timamu asingekubali kuyavaa. Ni mzaha tu, na ukweli uko kinyume chake. Katika timu nzima mdakaji peke yake ndiye anayetazamana na wenzake wote wanane. Yeye ndiye anayemwashiria mrushaji kwa vidole, akivificha katikati ya mapaja, arushe mpira wa namna gani na upite wapi. Humjua kila mpigaji wa timu pinzani na udhaifu wake. Mrushaji akipandwa na hasira au hofu, mdakaji ndiye anayetembea hadi alipo akamtuliza kwa maneno mawili. Mwenzangu mmoja katika chumba cha habari aliponisikia nikieleza hayo alisema kumbe huyo ni golikipa. Haikaribii. Golikipa aweza kukaa nusu saa bila kuugusa mpira, lakini mdakaji huchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara mia katika mchezo mmoja, na enzi za Howard michezo yenyewe ilikuwa 154 kwa msimu, kisha ikawa 162.

Basi si ajabu kwamba wadakaji wengi, magoti yakishachoka, hugeuka kuwa makocha. Wamekwisha kuifanya kazi ya ukocha kwa miaka wakiwa wamechuchumaa.

Howard alimaliza shule ya sekondari akiwa kijana mwenye nguvu na tabia njema, na vyuo vikuu kadhaa vilimtaka kwa ajili ya michezo. Yeye akachagua kujiunga na Kansas City Monarchs mwaka 1948. Hii ilikuwa timu mashuhuri ya ligi za watu weusi, maana kwa zaidi ya miaka sitini ligi kuu za Marekani zilikuwa zimewafungia mlango wachezaji weusi bila ya kuwa na sheria yoyote iliyoandikwa. Jackie Robinson alikuwa ameuvunja mlango huo mwaka mmoja tu kabla, mwezi wa Aprili 1947, alipoingia Brooklyn Dodgers. Mwalimu wa Howard pale Monarchs alikuwa Buck O'Neil, na msomaji alikumbuke jina hilo.

Mwaka 1950 klabu ya New York Yankees ilinunua mkataba wake. Yankees ndiyo iliyokuwa klabu tajiri na yenye vikombe vingi kupita zote, na kwa habari ya wachezaji weusi haikuwa na haraka hata kidogo. Wengine waliwasajili, wakashinda nao. Yankees ikasema inamtafuta anayefaa. Howard akaenda jeshini, akarudi, akacheza katika timu za chini. Mwaka 1954 akiwa Toronto, huko Kanada, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake yote.

Mwaka huo huo viongozi walikuwa wameamua kumbadilisha. Alikuwa mlinzi wa nyuma ya kiwanja, wakamtaka awe mdakaji. Alikabidhiwa kwa Bill Dickey, aliyekuwa mdakaji hodari wa Yankees miaka ya nyuma. Dickey alimfundisha kuchuchumaa, kusogeza miguu, kurusha haraka. Baadhi ya magazeti ya watu weusi yalikasirika, na kwa haki, maana Yankees ilikuwa tayari na mdakaji, Yogi Berra, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1951 na akapewa tena heshima hiyo mwaka 1954 na 1955. Kumfundisha Howard kazi ya Berra kulikuwa sawa na kumpa mtu ufunguo wa nyumba ambayo mwenyewe hana nia ya kuhama. Howard hakusema neno. Alijifunza.

Tarehe 14 Aprili 1955, mjini Boston, aliingia kiwanjani akiwa mtu mweusi wa kwanza kuichezea Yankees, miaka minane baada ya Robinson. Kati ya klabu 16 za ligi kuu, Yankees ilikuwa ya 13 kufanya hivyo. Kocha wake mkuu, mzee Casey Stengel, alisema kwa neno la kutweza ambalo sitaliandika hapa kwamba amengoja miaka yote apewe mtu mweusi, na alipompata akawa ndiye asiyejua kukimbia. Watetezi wa Stengel husema kwamba mzee huyo alimtania kila mtu. Labda. Lakini hakuna mchezaji mzungu aliyewahi kuambiwa kwamba mwendo wake unashangaza kwa rangi yake.

Kila mwaka kabla ya msimu timu ilikwenda kufanya mazoezi mjini St. Petersburg, katika jimbo la Florida. Wenzake walilala katika hoteli kubwa iitwayo Soreno, yeye akatafutiwa chumba katika mitaa ya watu weusi. Asubuhi wanacheza pamoja, jioni wanaagana barabarani. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1961, ambapo daktari mmoja mweusi wa mji ule, Ralph Wimbish, aliyekuwa akiwasaidia wachezaji kupata malazi, alitangaza kwamba hatafanya hivyo tena. Kama klabu inawataka wachezaji wake, na iwalaze pamoja. Hoteli ilikataa. Mwaka 1962 Yankees ikahamia mji mwingine. Ilichukua miaka saba tangu Howard aingie, na aliyeipigania si klabu.

Kiwanjani Howard alijibu kwa namna yake. Katika fainali za 1955, ambazo Wamarekani huziita za dunia ingawa ni za kwao wenyewe, aliupiga mpira ukavuka uzio mara ya kwanza kabisa aliposhika gongo. Mwaka 1958 Yankees ilikuwa imeshindwa michezo mitatu kati ya minne dhidi ya Milwaukee, na wanne ndio ubingwa. Katika mchezo wa tano Howard, aliyekuwa amepangwa upande wa kushoto wa kiwanja, alijitupa mbele akaudaka mpira karibu na majani, akainuka na kuurusha, akawatoa wapinzani wawili kwa mkupuo mmoja. Upepo ukageuka. Yankees ilishinda michezo mitatu mfululizo, na katika ule wa mwisho gongo la Howard ndilo lililoleta alama iliyowatanguliza. Waandishi wa New York walimpa tuzo yao ya mchezaji bora wa fainali hizo.

Hata hivyo alikuwa bado mtu wa kuziba mapengo: leo kushoto, kesho kituo cha kwanza, keshokutwa kumpumzisha Berra. Kazi ya mdakaji hakuimiliki hadi miaka ya sitini ilipoanza, Berra alipozidi umri na Ralph Houk akashika ukocha mkuu. Mwaka 1961 kati ya kila mara 100 za hesabu ya upigaji alifaulu karibu 35, katika mchezo ambao mwenye 30 huitwa hodari. Whitey Ford, mrushaji mkuu wa timu, alishinda michezo 25 mwaka huo akishindwa minne tu. Inasemekana Howard ndiye aliyembandika Ford jina la utani la Mwenyekiti wa Bodi, kwa vile alivyoendesha mchezo kama kikao. Ford naye baada ya kustaafu alisimulia kwa kicheko jinsi mdakaji wake alivyokuwa akiukwaruza mpira kwa vifungo vya kinga zake za miguu ili upinde njiani. Wizi huo haukumo katika vitabu vya watoto, lakini ni sehemu ya ufundi.

Mwaka 1963 Howard alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Ligi ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Katika ligi ya pili, ile ya Kitaifa, watu weusi walikuwa wameshaipata mara 11 tangu 1949. Tofauti hiyo haikutokana na vipaji. Ilitokana na klabu zilizofungua milango mapema na zile zilizochelewa.

Naye Yogi Berra? Mwaka huo ulikuwa wake wa mwisho kucheza na Yankees. Mwaka uliofuata, 1964, aliteuliwa moja kwa moja kuwa kocha mkuu wa klabu hiyo, bila kuwa ameifundisha timu yoyote kabla. Sina ugomvi na Berra, aliyekuwa mtu wa watu na rafiki wa kweli wa Howard. Nataka tu msomaji aikumbuke njia hiyo: kutoka nyuma ya kinyago hadi kiti cha ukocha mkuu, kituo hakuna katikati.

Mwaka 1965 kiwiko cha Howard kiliumia akapasuliwa, na hakurudi kuwa yule wa zamani. Agosti 1967 Yankees ilimuuza kwa Boston Red Sox, klabu ya mwisho kabisa katika ligi kuu kumkubali mtu mweusi, mwaka 1959. Ilikuwa ikiwania ubingwa kwa vijana watupu. Gongo la Howard lilikuwa limekwisha makali, alipiga vibaya sana miezi hiyo. Lakini hawakumnunua kwa gongo.

Tarehe 27 Agosti, mjini Chicago, Boston ilikuwa mbele kwa alama moja katika zamu ya tisa, ya mwisho. Mpinzani, Ken Berry, yuko kituo cha tatu. Mpira ukapigwa hewani upande wa kulia, José Tartabull akaudaka, na Berry akaondoka mbio kuelekea nyumbani kusawazisha. Tartabull hakuwa na mkono wa nguvu na mpira alioutupa ulikwenda juu. Howard, mwenye umri wa miaka 38, aliruka akaunyakua kwa mkono mmoja, na wakati huo huo akauweka mguu wake wa kushoto mbele ya kituo kama kizingiti. Mguu wa Berry ulipofika ulikuta mlango umefungwa, na glavu ikashuka ikamgusa. Mchezo ukaisha. Boston ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka huo kwa tofauti ya mchezo mmoja. Mashabiki wa mji ule walilisimulia tukio hilo kwa miaka mingi, na wanaojua mchezo huuzungumzia ule mguu zaidi ya mkono.

Mwaka 1968 akastaafu, na mwaka 1969 Yankees ikamrudisha kama kocha, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha katika Ligi ya Marekani. Katika ligi ya pili alikuwa ametanguliwa mwaka 1962 na mtu tuliyekwisha mtaja, Buck O'Neil, mwalimu wake wa Kansas City.

Hapa pana jambo la kueleza. Katika besiboli kocha mkuu huitwa meneja, na chini yake wapo makocha wasaidizi kadhaa. Howard alikuwa kocha wa kituo cha kwanza. Husimama kando ya kituo hicho, akamwambia mkimbiaji akimbie au asubiri, akatazama mkono wa mrushaji. Pia alikuwa na wadakaji wa kufundisha, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Thurman Munson, aliyefika Agosti 1969 akiwa kijana mbishi, na mwaka 1976 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Dickey alimfundisha Berra, akamfundisha Howard, na Howard akawafundisha waliofuata. Ujuzi huo ulikuwa kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja.

Mwaka 1973 Houk alipojiuzulu, wapo waliodhani zamu imefika. Kiti kilipewa Bill Virdon, kutoka nje ya klabu. Mwaka 1975 Virdon akaondolewa, akaja Billy Martin. Mwaka 1978 Martin akaondoka, akaja Bob Lemon. Mara tatu Howard alimpa mkono mkubwa mpya. Tarehe 18 Juni 1977 Martin aligombana na mchezaji wake Reggie Jackson kwenye benchi, mbele ya kamera za televisheni zilizorusha mchezo kwa nchi nzima, akataka kumrukia. Waliomshika wasifikishane pabaya walikuwa makocha wasaidizi wawili, Yogi Berra na Elston Howard. Berra alikuwa amekwisha kuwa kocha mkuu wa klabu mbili. Howard, hata mmoja.

Wakati huo mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwingine. Oktoba 1972, siku tisa kabla ya kufa kwake, Jackie Robinson alisimama mbele ya umati wa fainali akasema kwamba angefurahi zaidi siku atakapomwona mtu mweusi akiongoza timu. Frank Robinson aliteuliwa na Cleveland akaanza kazi mwaka 1975. Yankees hadi kufikia mwaka 2024 haikuwa imemteua kocha mkuu mweusi.

Wapo waliosema, wakati ule na baadaye, kwamba Howard alikuwa mpole mno, kwamba angepaza sauti kama Robinson wangemsikia. Mimi sikubaliani nao, ingawa nawaelewa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kama kuinama kungekuwa ndiyo bei, hakuna aliyeilipa kikamilifu kuliko mdakaji. Kosa la kumnyima mtu haki haliwezi kuhamishwa likawa la aliyenyimwa kwa kuwa hakupiga kelele. Robinson alipiga kelele sana tangu alipojiona huru kufanya hivyo, na hakuna klabu iliyompa hata kazi ya ukocha msaidizi.

Tena si kweli kwamba nyumba ile ilikuwa kimya. Mkewe, Arlene, waliyeoana mwaka 1954 na kulea pamoja watoto watatu, hakuwa mtu wa kuficha anachofikiri. Walipojenga katika mtaa wa wazungu huko Teaneck, New Jersey, wapo majirani waliopinga, nao hawakuhama. Mwaka 2001 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yao, na hakuficha jinsi mumewe alivyoitamani kazi ile na jinsi kukosa kwake kulivyomuuma. Aliyesaidiana naye kukiandika ni mwandishi wa magazeti aitwaye Ralph Wimbish, mtoto wa yule daktari wa St. Petersburg. Nadhani wake wengi wa wafanyakazi wanajua kazi hiyo ya Arlene: mume humaliza subira yake kazini, na hasira yake huiweka nyumbani ili mke amtunzie.

Mwaka 1979 moyo wa Howard uliugua. Klabu ikampa kazi ya ofisini. Tarehe 14 Desemba 1980 alifariki mjini New York, akiwa na umri wa miaka 51.

Julai 1984 Yankees iliiondoa namba yake, 32, isivaliwe tena na mchezaji yeyote, ikaweka kibao cha shaba cha kumsifu kwa upole na heshima yake. Sherehe ilifanyika kiwanjani mbele ya timu nzima. Kocha mkuu wa Yankees msimu ule alikuwa Yogi Berra, aliyekuwa amepewa kazi hiyo kwa mara ya pili.